Kilengeo cha Ami Mwinyi

Habari za kufa kwa Ami Mwinyi nilizisikia redioni, katika matangazo ya vifo ya adhuhuri, nikiwa nimesimama jikoni kwangu Frere Town na kipande cha papai mkononi. Mtangazaji alisoma taratibu kama wanavyosoma siku zote: marehemu alikuwa mume wa Bi Mwanasha, baba wa Mbwana, ndugu wa fulani, ami wa fulani na fulani na fulani. Alitaja watu wa Bofu, wa Mtongwe, wa Shika Adabu, hata mtu mmoja aliyehamia Muskati zamani sana, ambaye mimi nilidhani naye ameshakufa. Nilisikiliza mpaka mwisho, papai likinidondokea kwenye kiatu. Baba yangu na marehemu ni tumbo moja, na jina langu halikuwamo. Najua kwamba matangazo yale hulipiwa kwa neno na watu hubana. Lakini yule wa Muskati ana majina matatu, na yote matatu yalisomwa.

Nilivuka feri nikafika Bofu kabla ya alasiri. Jeneza lilikuwa bado msikitini. Makaburini nilimkuta Mbwana, mtoto wa marehemu, rika langu, amezama mpaka kifuani ndani ya shimo, anachonga ukuta wa mwanandani, ule uwazi wa kulazia maiti, kwa jembe fupi. Kando yake walikuwa vijana wanne watano wameshika makarai, na kamba ya kumbi imelazwa juu ya mchanga, imevutwa baina ya vijiti viwili. Nilitoa salamu. Vijana waliitikia kwa sauti. Mbwana aliitikia pia, kwa kuwa ni wajibu, kisha akanitazama kuanzia viatu kwenda juu na akakomea kwenye tai.

"Umekuja na gari?"

"Nimeliacha ng'ambo."

"Umefanya vyema. Hapa hapana pa kuliweka."

Nilisema pole. Alisema tumeshapoa. Nikamuuliza kama naweza kusaidia, akajibu kwamba kazi imekwisha, na kwamba kama nimechoka kusimama, nje ya ukuta wa makaburi liko jiwe. Nilikwenda nikakaa kwenye lile jiwe, mtu mzima mwenye digrii mbili na nywele za mvi masikioni, kama mtoto aliyetolewa darasani. Pale juu ya jiwe ndipo nilipoanza kuufikiria tena mwaka ule, ambao nimeandika makala nyingi za magazeti na vitabu viwili nikiuzungukazunguka bila kuugusa.

Ulikuwa mwaka wa mwisho mwisho kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya bweni, nasubiri jibu la chuo cha Kampala. Sababu za kupelekwa kukaa kwa ami hazimhusu msomaji. Zilikuwa chache na hazikunipendeza. Chumba nilichopewa kilikuwa ghala la nazi. Kitanda cha kamba kiliwekwa pembeni, na nafasi yote iliyobaki, kutoka sakafuni mpaka karibu na boriti, ilikuwa nazi. Nililala na nazi, niliamka na nazi, na nguo zangu zilinuka mbata hata nikizianika juani siku nzima. Nililalamika, kwa heshima nilivyodhani, kwamba mtu wa kusoma anahitaji mahali pa kuweka meza. Bi Mwanasha, mke wa ami, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mbuzi aliyokuwa akikunia nazi: "Ngoja, mwanangu. Kwa ngedere hawa, chumba chako kitapanuka tu."

Na kilipanuka. Ngedere walikuwa wakitoka kwenye vichaka vya kule mkondoni kila asubuhi baada ya umande kukauka, kundi zima, wanawake kwa watoto, wakapanda minazi ya ami kama watu wenye hati ya shamba. Hawakuzitaka nazi zilizokomaa. Walitaka vidaka, zile nazi changa za ukubwa wa ngumi, na hata hizo hawakuzila: waliuma mara moja, wakatupa, wakachuma kingine. Kila kidaka kilichoanguka ni nazi moja isiyofika ghalani. Mbwana ndiye aliyekuwa mkwezi wa shamba. Alipanda na kushuka mchana kutwa na teo yake ya kurushia mawe na debe lake bovu, na ngedere walimngoja afike juu ya mnazi mmoja ili wahamie wa pili. Mle chumbani rundo lilishuka kutoka kwenye boriti likafika usawa wa dirisha, kisha usawa wa kitanda. Mezani ilionekana vilevile. Nilipofika tulikula wali wa nazi ambao tui lake lilikuwa zito hata kijiko kilisita; baada ya miezi miwili tui likawa la kukamuliwa mara ya pili, kisha mara ya tatu, kisha muhogo wa kuchemsha na chumvi, na Bi Mwanasha akiuweka sinia mbele yangu aliuweka kwa kishindo, kana kwamba mimi ndiye niliyeshuka na kundi kutoka mkondoni.

Ami Mwinyi hakunipenda na hakuficha. Alikuwa mfupi, mweusi tiii, mwenye mkono mmoja uliokakamaa kidogo kiwikoni, ukumbusho wa vita vya Burma alikokwenda na jeshi la Mwingereza, akarudi na medali aliyoifanya kizibo cha mtungi. Jioni, watu walipokaa barazani kwake kuzungumza mambo ya Mwambao, kama utabaki kwa Sultani au utakwenda na bara, alinyamaza mpaka wote wachoke. Mimi nilikuwa na beji ya chama kifuani na hotuba tayari mdomoni. Siku moja niliwaeleza wazee wale, kwa nusu saa nzima, historia ya pwani yao wenyewe. Nilipomaliza ami alisema, "Sasa katika bendera hizo zote, ipi inayofukuza ngedere?" Baraza zima lilicheka, nami nikaingia ndani kulala na nazi zangu zilizosalia.

Lakini kwa jambo moja alinihitaji: Kiingereza. Alitaka kibali cha bunduki. Siku zile mtu mweusi kuomba bunduki serikalini ilikuwa kama kuomba ufunguo wa jela, na barua nilizoandika kwa mkono wangu wa shule zilikuwa tano kabla ya kujibiwa. Kibali kilikuja na masharti kama kamba za kitanda. Bunduki moja, ya risasi ndogo, kwa wanyama waharibifu tu. Ifungiwe kwenye sanduku. Asiiguse mtu yeyote ila mwenye jina. Risasi zihesabiwe. Na baada ya miezi mitatu afisa wa kilimo, mzungu, angekuja na Mudir, mkuu wa tarafa yetu, kumtazama mwenye kibali akilenga. Akishindwa kulenga barabara, bunduki irudi serikalini, kwani hawakutaka risasi za ovyo baina ya nyumba za watu. Nilimsomea ami masharti yale kwa Kiswahili, neno kwa neno. Aliniambia nilisome tena lile la asiiguse mtu yeyote. Nikalisoma. "Umelisikia vizuri?" akaniuliza. Nikasema mimi ndiye msomaji, ami. "Ndiyo," akasema. "Wasomaji huwa hawasikii."

Tulivuka kwenda kisiwani kuinunua. Dukani kulikuwa na bunduki za aina tatu ambazo kibali kiliruhusu, zote za tuutuu, kama watu walivyoziita: risasi yake ndogo kama kokwa ya tende, na baruti yake huwashwa kwa kupigwa ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama zile kubwa za vita. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alituwekea mbele moja mpya inayojishindilia yenyewe, mti wake unang'aa kama halua, na juu yake darubini. Niliipenda papo hapo. Niliisoma karatasi yake kwa sauti, nikamweleza ami idadi ya risasi inazomeza na faida ya darubini. Ami hakuitazama. Alichukua kutoka pembeni bunduki kuukuu ya kutia risasi moja moja kwa mkono, mti wake umechubuka, akaufungua mtutu, akaweka ukucha wa kidole gumba kule nyuma ili mwanga urudi ndani, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo lililonitia haya mbele ya yule mwenye duka. Alisimama katikati ya duka, akafumba macho, akaipandisha bunduki begani, akatulia, kisha akafumbua. Akaishusha. Akafumba tena, akaipandisha, akafumbua. Mara tatu.

"Ami," nikanong'ona, "watu wanatazama."

"Nami natazama," akasema. "Natazama kama nikifumbua macho, kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeshakutana vyenyewe. Hiyo yako ya halua, shingo yangu ndiyo itakayoitafuta. Ngedere hangoji mtu atafute."

"Lakini hii inatia risasi moja tu."

"Na ngedere ni wangapi nitakaowapiga kwa mara moja? Nyamaa, mwanangu. Rudisha hiyo karatasi ya bwana."

Mwenye duka alicheka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mzee wangu anajua. Nilimchukia yule Mhindi safari nzima ya feri. Ami alinunua vikasha vitatu vya risasi, kila kimoja cha kiwanda chake, nami nikadhani amechanganyikiwa. Nikasema risasi ni risasi. Kesho yake shambani alipiga tano za kila kikasha kwenye kifuniko cha debe, bunduki imelazwa juu ya gunia la mchanga, na tulipokwenda kutazama, za kikasha cha kwanza zilikuwa zimetawanyika kama mbegu za papai, za pili nusu nusu, na za tatu zilikuwa zimekaa pamoja hata shilingi moja ingezifunika. "Kila mtutu una chakula chake," akamwambia Mbwana, si mimi. Vile vikasha viwili alivirudisha dukani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mtu wa mahali pengine hatalielewa bila kuelezwa. Minazi yetu hukatwa vidato ubavuni, vipandio vya kukanyaga, na mkwezi anayekata vidato hukata kwa mguu wake mwenyewe, kimoja mpaka kingine kipimo kilekile, msingi mpaka kileleni. Kwa hiyo mkwezi hakwambii mnazi una urefu wa futi ngapi. Anakwambia una vidato vingapi, na ukimjua mkwezi umeujua mnazi. Ami alimwuliza Mbwana mnazi mrefu kabisa una vidato vingapi. Mbwana akasema arubaini na viwili. Ami akatwaa kamba ya kumbi, akaifunga mafundo arubaini na mawili kwa kipimo cha mguu wa Mbwana, akailaza chini shambani, na pale ilipokwisha ndipo alipoweka kifuniko chake cha debe.

Mimi nilikuwa na kijitabu kilichokuja na bunduki. Kijitabu kilisema kilengeo kiwekwe kwa umbali wa wari hamsini. Kamba ya ami haikufika hata nusu ya hapo. Nilimwambia. Nilimwambia mbele ya Mbwana na majirani wawili, na nakumbuka nilikiinua kijitabu juu kama khatibu.

"Ngedere wangu hawakai kwenye wari," akasema ami. "Wanakaa kwenye vidato."

"Aliyeandika hapa ni mhandisi, ami. Ameitengeneza yeye."

"Amepata kuliona shamba langu?"

"Si lazima aone shamba. Ni hesabu."

"Basi mwandikie aje awalinde yeye," akasema Mbwana, na majirani wakapasuka kwa kicheko.

Ami alipiga. Risasi zake zilikwenda kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Alitoa mfukoni senti kumi ya shaba, ile yenye tundu katikati, akaiegemeza kwenye kile kibati cha nyuma chenye pengo la kulengea, akaigonga kwa kinyundo cha mti, taratibu, kuelekea kulia. Akapiga tena. Akagonga tena. Alipomaliza risasi zilikuwa zinaingia pale anapotaka, lakini kilengeo chenyewe kilikuwa kimetoka kwenye mstari wake. Katikati ya mtutu kiwanda kilikuwa kimechora alama nyembamba, na kibati kilikaa kulia kwa alama ile kwa upana wa punje ya mchele. Kwenye picha ya kijitabu changu kibati kilikaa juu ya alama barabara. Nilimwonyesha. "Ami, kimekaa upande." Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha baharini. "Ndiyo," akasema. "Kimekaa upande. Usiiguse."

Kwa wiki kumi aliwatoa ngedere shambani. Hakupiga wengi. Alipiga wale wakubwa wanaoongoza, mmoja mmoja, kutoka chini ya mnazi, na baada ya kila mlio mdogo kama wa kijiti kikikatika alikaa kimya nusu siku. Kundi likajifunza. Vidaka vikakaa juu. Mwezi wa pili tui lilianza kurudi, na mwezi wa tatu Bi Mwanasha alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga siku isiyokuwa ya sikukuu, akaweka sinia mbele yetu bila kishindo. Watu wa mashamba ya jirani walikuja kumwomba ami awasaidie, akawaambia wangoje kibali kithibitishwe. Yote hayo yalinikera. Kama msomaji anatarajia niseme moyoni nilifurahi, namwomba radhi. Nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba bunduki haitafanya kazi, na bunduki inafanya kazi, na kila kidaka kilichobaki mnazini kilinicheka. Usiku niliwasikia ukutani, Bi Mwanasha akisema, "Yuwala kama watu wawili na hajui hata kupasua kuni," na ami akijibu, "Mwache. Ana kijitabu."

Barua ya afisa ilikuja siku ya Jumatano: angefika Jumamosi asubuhi. Nilimsomea ami. Kisha, kwa sababu ambazo nimezichambua kwa miaka thelathini na kila mara huona zina sehemu mbili, nikaanza kufikiria kile kibati. Sehemu ya kwanza: niliamini kabisa kwamba mzungu akiona kilengeo kimekaa upande atacheka, ataona huyu ni mshamba, na kibali kitakwenda. Sehemu ya pili: nilitaka siku hiyo ami alenge vizuri kuliko siku zote, kisha nimwambie ni mimi. Nilitaka kumwokoa, na nilitaka ajue kaokolewa na nani. Chuki yangu ya siku zile ilivaa nguo safi kiasi hicho.

Ijumaa wanaume walikwenda msikitini. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Ufunguo wa sanduku Bi Mwanasha aliufunga kwenye pindo la leso yake, na nilimwambia kwamba ami amesema niipake bunduki mafuta kwa ajili ya kesho. Alinitazama kidogo. "Leo ndiyo amekukumbuka?" akasema. Akaufungua ufunguo pindoni akanipa mkononi, akarudi kwenye mchele wake. Mle ghalani kwangu, wakati mwadhini anaita, niliilaza bunduki juu ya kitanda, nikafungua kijitabu kwenye picha, nikachukua senti kumi ya ami na kinyundo chake, alivyoviweka mle sandukuni. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kibati kilirudi juu ya alama, pengo likakaa katikati ya mtutu sawasawa kama kwenye picha. Sikupiga hata risasi moja kujaribu, kwa sababu zilihesabiwa, na pia kwa sababu kitu kilichonyooka hakihitaji kujaribiwa. Nilirudisha ufunguo. Nilikula chakula cha mchana vizuri sana kwa mtu mwenye tumbo.

Jumamosi walikuja: afisa wa kilimo katika kaptula, Mudir katika kanzu na kilemba, askari mmoja wa kuandika. Nusu ya Bofu ilikuwapo. Mbwana alipanda mnazi wa vidato arubaini na viwili akaning'iniza kidaka kilichopakwa chokaa ubavuni mwa shina, akashuka. Afisa, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, alisema risasi tatu. Ami alisimama mahali alipozoea, akafumba macho, akaipandisha bunduki begani, akafumbua.

Ya kwanza ilichuna gamba la mnazi. Watu walidhani anapima upepo. Ya pili ilichuna gamba lilelile, karibu na pale pale. Alikaa muda mrefu kabla ya ya tatu. Ya tatu ikaingia baina ya zile mbili, na kidaka kikabaki kinabembea, cheupe, kizima.

"Baba!" Mbwana akapiga kelele. "Zakwenda kushoto! Zote kushoto!"

Ami aliishusha bunduki na kwa mara ya kwanza akaitazama. Alipitisha ukucha juu ya kibati, juu ya alama. Kisha akainua uso akanitazama mimi, na katika watu wote waliokuwa pale, zaidi ya mia, hakuhitaji kunitafuta.

"Vipi, mzee?" akauliza afisa. "Bunduki mbaya, ama macho mabaya?"

Mudir alisogea karibu, akasema kwa upole, "Mwinyi, sema kama kuna neno. Kuna mtu ameigusa?"

Hapo ndipo nilipoelewa lile sharti nililolisoma mara mbili. Akisema imeguswa, amesema hakuifungia. Akisema nani, yule aliyeigusa anakwenda kituoni na askari mwenye kalamu, na mwaka ule kijana mweusi aliyeshika bunduki isiyokuwa yake hakuwa tena akisubiri jibu la Kampala. Nilisimama pale. Nilikuwa na hotuba za kila namna siku zile. Ningeweza kusema, ni mimi. Ni maneno mawili, na sikuyasema.

"Macho, bwana," akasema ami. "Yamechoka."

Wakaichukua bunduki. Waliiandika, wakaifunga kwenye gunia, wakaondoka nayo, na wiki mbili baadaye tulisikia kibali cha tuutuu amepewa mzungu mmoja mwenye nyumba za wageni ufukweni, ambaye hakuwa na mnazi hata mmoja ila wa kivuli. Mchana ule ami alinikuta ghalani nafunga sanduku langu. Hakupaza sauti. "Usidhani nimekuficha," akasema. "Nilikuwa nahesabu njia. Hii ndiyo niliyoiona fupi. Alasiri isikukute hapa." Ngedere walirudi baada ya siku nne.

Kampala walinikubali. Nikasoma, nikafundisha, nikaandika. Kila nilipokuja pwani nilikwenda Bofu, na kila mara shamba lilikuwa dogo zaidi, kipande kimeuzwa, kisha kingine, mpaka ikabaki nyumba na minazi sita. Nilisema, "Shikamoo, ami," naye aligeuza uso akauliza kama mvua imenyesha kisiwani. Kwa miaka thelathini shikamoo yangu haikupata marahaba. Nilijiambia anashuku lakini hajui. Nilijiambia siri ni yangu, na niliibeba kama mtu anayebeba yai, nikijionea huruma kwa uzito wake.

Walikuja na jeneza. Niliinuka kutoka kwenye jiwe nikaingia ndani ya ukuta na kujipenyeza mpaka ukingoni mwa shimo. Mbwana alikuwa bado ndani, pamoja na mwingine, wakingoja kumpokea baba yake. Na hapo, naapa, bila kufikiri, macho yangu yalitoka kwenye kaburi yakaenda kwenye ukuta wa makaburi, yakarudi, nikaona kaburi halikwenda sambamba na ukuta. Lilikuwa limekaa upande. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Mbwana, mbona kama limepinda kidogo?"

Mbwana hakuinua kichwa. "Ukuta umefuata barabara," akasema. "Kaburi limefuata kibla. Athumani, usitunyooshee."

Kilipita kicheko kifupi, kile cha watu waliojizuia, na hakikutoka kwa wazee tu. Vijana wale wenye makarai, ambao baba zao hawakuwa wameoa mwaka ule, walicheka pia, na walicheka kama watu wanaoujua mzaha tangu utotoni.

"Mnajua," nikasema.

"Mama alikupa ufunguo kwa mkono wake," akasema Mbwana, sasa amenitazama. "Wadhani nyumba ile ilikuwa ya vipofu?"

"Mbona hamkuniambia? Miaka yote hii?"

"Baba alikataza." Alinyoosha mikono juu kupokea maiti, na akamalizia huku uso wake umegeukia sanda, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kazi. "Alisema, mkimwambia ataomba radhi. Na akiomba radhi, itanibidi nimsamehe."

Walimlaza, wakamgeuza uso kuelekea kibla, wakapanga mbao. Kisha watu wakasogea kutupa mchanga kwa mikono, kila mmoja mara tatu, kama ilivyo desturi. Zamu yangu ilipofika walinipisha. Nilisimama katikati kabisa ya kaburi, nikainama, nikateka mchanga, nikalenga. Mateko yote matatu yalianguka kushoto.